Paa la bati linavuja? Anza na misumari

Wasikilizaji wetu, kabla masika hayajaanza, tukague mapaa yetu. Bati likivuja, wengi tunadhani limechakaa. Mara nyingi tatizo ni msumari. Mchana jua hutanua bati, usiku baridi hulirudisha. Mwendo huo wa kila siku hulegeza misumari, na mpira wake hukauka na kupasuka.

Mchana, funga milango na madirisha, kisha uangalie juu ukiwa ndani. Tundu litaonyesha mwanga. Usipoliona, fuata alama ya maji kwenye mbao kuelekea juu, maana maji hutiririka kwanza ndipo yadondoke.

Ng'oa msumari uliolegea, pigilia mnene zaidi wenye mpira mpya. Usizibe kwa saruji, bati likitanuka itapasuka. Penye kutu sugua kwa brashi ya waya, kisha paka rangi ya kuzuia kutu. Fagia majani, kwa kuwa hushika unyevu.

Ukipanda, kanyaga kwenye mstari wa misumari, ambako chini kuna mbao. Bati likiwa limelowa, usipande kabisa.

Misumari michache tunayonunua leo ni nafuu kuliko gunia la mahindi lililooza ndani.