Windows na Linux kwenye kompyuta moja: mfumo ukipotea, usikimbilie kuformati

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilisimamisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10. Mashini nyingi za zamani hazikubali Windows 11, na kununua mpya si jambo dogo kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani ama mwenye sekretariati ya kuchapisha kule Makiso. Njia moja ni kuacha Windows mahali pake na kuweka kando yake Linux, kama vile Ubuntu, ambayo ni ya bure. Ukiwasha kompyuta, unachagua mfumo unaoutaka.

Shida ni kwamba kubofya vibaya mara moja tu kunaweza kufuta mémoire nzima ya mwanafunzi. Lakini mara nyingi kinachoonekana kimepotea bado kiko.

Chukua diski kama parsele iliyogawanywa. Windows inakaa kwenye kipande kimoja, Linux kwenye kingine. Iko karatasi ya mipaka inayoonyesha kila kipande kinapoanzia na kuishia. Tena iko sentineli mlangoni: programu ndogo inayouliza unaingia nyumba gani. Kwa Linux, sentineli huyo anaitwa GRUB.

Kabla ya kuanza

Kwanza, nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje, kisha fungua faili mbili tatu uone kama zinasomeka. Pili, ukiwa ndani ya Windows, punguza kipande chake na uache nafasi ya gigabaiti 30 hivi. Zima pia ile «Démarrage rapide». Kama diski imefungwa kwa BitLocker, andika kwenye karatasi ufunguo wake wa tarakimu 48. Tatu, jaza batri. Umeme wa SNEL ukikatika wakati mipaka inasogezwa, faili zinaweza kuharibika.

Ukifika kwenye kuweka Ubuntu kwa Kifaransa, chagua kuiweka «à côté de» Windows. Ukiona «Effacer le disque», simama: hiyo inafuta parsele nzima.

Kama mfumo mmoja umepotea

Hali ni tatu, na dawa zake si sawa.

Ya kwanza ni nyepesi. Windows ikiwekwa upya ama ikijisasisha, inaweza kujiweka mbele, na Linux haionekani tena. Nyumba ingali imesimama, ila mgeni anapelekwa upande mmoja tu. Unapowasha, bonyeza F12, F9 ama Esc, kulingana na aina ya mashini. Ukiona jina «ubuntu», lichague, kisha ulipange la kwanza.

Ya pili, sentineli mwenyewe amefutwa. Washa kompyuta kwa kle USB yenye Ubuntu, bila kuiweka upya, halafu urudishe GRUB. Programu ya Boot-Repair inasaidia kazi hiyo.

Ya tatu ndiyo nzito: mipaka imefutwa na mfumo mpya umeandikwa juu ya ule wa zamani. Hapo zima mashini mara moja, maana kila dakika inayofanya kazi inaweza kuandika juu ya faili zako. Washa kwa kle USB, tumia TestDisk kutafuta mipaka ya zamani. Ikishindikana, PhotoRec inaokota faili moja moja, ingawa nyingi zinarudi bila majina yao. Unachookota kiweke kwenye diski nyingine, kamwe si ileile. Sehemu iliyokwisha kuandikwa juu yake hairudi. Na kwenye diski za SSD matumaini ni madogo zaidi, kwa sababu zenyewe husafisha nafasi iliyofutwa.

Ukimpelekea fundi, naye akasema «tuformati tu», muulize kwanza: faili utazitoa namna gani? Kama hana jibu, chukua mashini yako uende kwa mwingine. Windows inaweza kuwekwa tena kesho. Mémoire isiyo na kopi haina mahali pengine pa kutoka.