Muchezo usio na jibu

Ndugu, mara nyingi katika parokia zetu vijana wanacheza muchezo juu ya mambo ya inchi: kupiga kura, kusafisha muji, kukataa rushwa. Mwishoni mutu mwema anashinda, watu wanapiga makofi na kurudi nyumbani. Kesho yake, ni nini imegeuka? Hakuna kitu. Wachezaji walikwisha kutoa jibu; mwenye kutazama alibaki bila kazi.

Augusto Boal wa Brazili (1931–2009) alifundisha njia ingine. Ni hii:

1. Watu wenyewe wanachagua taabu moja ya kweli inayowasumbua.

2. Wanaicheza kwa kifupi, na muchezo unaisha vibaya: mwenye kuonewa anashindwa.

3. Wanaicheza tena. Sasa kila mwenye kutazama anaweza kusema: «Simameni!» Anashika fasi ya mwenye kuonewa na kujaribu shauri lake. Wachezaji wengine wanamupinga kwa nguvu, sawa vile inavyokuwa katika maisha.

4. Kiongozi hatoi hukumu. Anauliza wote: «Shauri hili linawezekana?»

Mwaka 1992 Boal alichaguliwa kuwa mujumbe wa baraza la muji wa Rio de Janeiro. Toka 1993 mpaka 1996 makundi ya raia walicheza taabu zao. Mashauri yao yaliandikwa, wanasheria wakayapanga, Boal akayapeleka barazani. Sheria 13 zilipitishwa. Mufano mumoja: simu za njiani zilifungwa juu ya nguzo nyembamba. Fimbo ya kipofu ilipita chini, kichwa chake kikagonga juu. Sheria iliamuru kujenga fasi iliyoinuka chini ya simu, fimbo ipate kuigusa mbele. Nani angaliwaza neno hili, kama si kipofu mwenyewe?

Lakini tuwe na akili. Mwaka 1971 serikali ya waaskari ilimufunga Boal na kumutesa. Basi tusicheze jina la mutu wala kumushitaki mbele ya watu. Tucheze taabu yenyewe. Na tusiwasukume wanyonge kwenye hatari ambayo sisi tunaikimbia.

Wewe katekista, anza na jambo dogo: kisima kilichoharibika, daraja lililovunjika. Kiisha kucheza, andika mashauri yaliyokubaliwa, na kuchagua watu wa kuyapeleka kwa wakubwa. Bila kazi hii ya mwisho, muchezo ni makofi tu.

Ni vigumu kwa mwalimu kunyamaza. Lakini mutu aliyesimama mara moja mbele ya wenzake na kusema shauri lake, kesho ataweza kusimama tena mukutanoni.