Bunduki ya mtoto wa kaka yangu

Shemeji yangu wa Maskati hanipigii simu ovyo. Siku aliponipigia nilikuwa nafunga mizigo kwenda Minnesota kumtembelea mwanawe. "Mwalimu," akasema, "kijana anajitengenezea bunduki. Ukifika mwambie aiuze." Nikamwambia nitamwambia.

Kweli nilimkuta nayo. Anakaa Minneapolis, karibu na Cedar-Riverside, mtaa ambao ukishuka barabarani utasikia Kisomali kwanza kabla ya Kiingereza. Kazi yake ni kuchonga vyuma kwa mashine. Vipande vya bunduki vilikuwa vimepangwa juu ya taulo kwenye meza ya chakula, na sahani za chakula tukazishika mikononi.

"Ami, hii si ya kuua kitu," akaniambia hata koti sijavua. "Ni ya kutoboa karatasi."

Bunduki mie si mgeni nayo. Wengi wetu tumekulia katika nyumba zenye Martini-Henry ya babu ukutani, ile iliyoingia jeshi la Waingereza mwaka 1871 na mpaka leo utaiona mabegani mwa wazee kwenye sherehe za Oman. Na nani huku Ghuba asiyemkumbuka Sheikh Ahmed Al Maktoum na dhahabu yake ya Athens mwaka 2004, ya kwanza ya Olimpiki kwa Imarati? Lakini yeye alipiga visahani vinavyorushwa hewani, kwa bunduki ya marisau. Ya huyu kijana ni ya kulala kifudifudi na kutafuta duara lililo yadi 600 mbele, yaani karibu mita 550.

Nikamuuliza kwa nini hakununua iliyo tayari. Akasema ya dukani imetengenezwa imfae kila mtu. Yake ina mtutu mnene wa inchi 26, usiopata moto upesi, na mifereji ya ndani inazunguka duru moja kila inchi 8 ili risasi ndefu na nyembamba iende huku ikijizungusha bila kuyumba. Kitako kinarefushwa na kufupishwa kulingana na bega lake. Kazi moja tu hakuigusa, japo chuma ndiyo riziki yake: kuchonga pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Hiyo alimpelekea fundi bunduki mwenye leseni, maana nafasi ikizidi kidogo tu, ganda laweza kupasuka usoni pa mpigaji.

Usiku ule nikamfikishia ujumbe wa mama yake. Akanyamaza, kisha akasema: "Ami, njoo uone kwanza."

Jumamosi tukaenda uwanja wa shabaha, mwendo wa saa moja hivi kaskazini. Njiani tulipita Anoka, mji wa kampuni ya Federal, inayotengeneza risasi tangu mwaka 1922. Maboksi yetu yalitoka hukohuko.

Kwa yadi 100, risasi tano za mwanzo zilitapakaa inchi 2 na robo. Kijana uso ukamshuka. Akataka kubadilisha risasi, kurekebisha darubini na kulala upya, vyote kwa mpigo. Hapo ualimu ukanipanda. Nimesomesha hisabati na fizikia miaka mingi katika sekondari ya misheni, na mtoto anayebadilisha vitu vitatu pamoja hatajua kipi kilichomponya. Nikamwambia kimoja kimoja. Tukaanza na skrubu mbili zinazoshika chuma kwenye kitako. Moja ilikaza, ya pili imelegea. Tukazikaza kwa bisibisi yenye kipimo, sawasawa.

Makundi matatu yaliyofuata yakawa inchi 0.8, 0.6 na 0.7. Akataka kupiga picha lile la 0.6 awatumie wenzake. Nikamkatalia. Kundi moja dogo laweza kuwa bahati. Andika yote matatu, na lile baya la asubuhi pia, na sababu yake.

Kwa yadi 600 mambo ni mengine. Risasi ile inashuka kama mita 2, lakini hilo ni la hesabu, unalizungusha kwenye darubini ukamaliza. Tatizo ni upepo. Ukivuma ubavuni maili 10 kwa saa, unaisukuma karibu nusu mita. Akapiga kumi: nane ziliingia katika duara la ukubwa wa sahani ya pilau, mbili zikaenda kushoto. Bendera zilikuwa zimegeuka naye hakuziona. Mtu wa pwani asione upepo! Nikamcheka, naye akacheka.

Kurudi tukapitia Saint Paul, tukakamata Larpenteur Avenue, na hapo Falcon Heights kicheko kikakatika. Ndipo alipouawa Philando Castile, tarehe 6 Julai 2016. Alikuwa mtu mweusi, mfanyakazi wa kantini ya shule, na kibali cha kubeba silaha anacho. Polisi alimsimamisha, yeye mwenyewe akamwambia kuwa ana silaha, na akapigwa risasi ndani ya gari lake. Mwaka uliofuata mahakama ilimwachia polisi huyo.

Kijana rangi yake ni yetu, jina lake ni letu. Nikamuuliza, wakikusimamisha je?

"Komeo nimelichomoa, Ami. Bunduki iko kwenye boksi limefungwa, nyuma. Mikono naiweka juu ya usukani, nami sinyoshi mkono kuchukua kitu mpaka niambiwe." Alisema kama mtu anayesoma sura aliyohifadhi. Sikuwa na la kumjibu.

Usiku nikampigia shemeji.

"Umemwambia aiuze?"

"Nimemwambia. Hauzi. Ameahidi kila akitoka uwanjani, akifika nyumbani tu, atakupigia."

Akanyamaza. Kisha akauliza akirudi huwa saa ngapi. Nikamwambia kama saa 11 za jioni.

"Huku ni saa 8 za usiku," akasema. "Basi nitakuwa macho."