Hifadhi ya Taifa ya Kitulo

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo iko kusini magharibi mwa Tanzania, katika mikoa ya Njombe na Mbeya. Ina eneo la kilomita za mraba 413 hivi, sehemu kubwa ikiwa uwanda wa nyasi wenye kimo cha takribani mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Njombe mjini hufikiwa kupitia Makete. Wenyeji huiita "Bustani ya Mungu".

Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, jambo lisilo la kawaida, maana hifadhi nyingi nchini zinajulikana kwa wanyama wakubwa. Kuna spishi za mimea zaidi ya 350, zikiwemo aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Maua huchanua majira ya mvua, Novemba hadi Aprili.

Okidi hizo ziliponzwa na viazi vyake. Huchimbwa na kupelekwa Zambia, ambako hutwangwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda. Kuchimba kiazi si sawa na kuchuma mboga: mmea wote huisha. Biashara hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za kulilinda eneo hili.

Katika msitu wa Livingstone, ulio sehemu ya hifadhi, anaishi kipunji, tumbili aliyetangazwa na wanasayansi mwaka 2005. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua zamani, na jina ni lao.