Mlima Kenya: Gari Lisikudanganye

Likizo ikifika, vikundi vingi vya vijana hupanga kupanda Mlima Kenya. Baadhi huchagua njia ya Chogoria, upande wa mashariki. Ni njia ya kupendeza kweli! Lakini ina jambo moja la kupangia mapema: unaanza kutembea ukiwa tayari uko juu sana.

Hebu fikiria. Juzi ulikuwa Mombasa, kando ya bahari. Leo umefika Chogoria, mmekodi Land Rover, ikawapitisha msituni mpaka kwenye geti la hifadhi, karibu mita 3,000. Hujapiga hatua hata mia. Unajiona uko fiti. Lakini mwili wako bado uko Mombasa.

KWANI HUKO JUU HEWA HAKUNA?

Hewa ipo, na sehemu yake ya oksijeni ni ile ile, karibu asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, kwa hiyo kila pumzi inakuletea oksijeni kidogo. Getini unapata karibu asilimia 70 ya ile ya pwani. Kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985, ni zaidi kidogo ya nusu tu.

Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku, si saa. Na usidhani kucheza mpira kila jioni kutakukinga. Mwenye nguvu huumwa sawa na mwingine, tena mara nyingi ndiye anayekimbilia mbele.

HESABUNI MAHALI PA KULALA

Ukishapita mita 3,000, jaribu usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana. Mpango mzuri ni huu:

- Siku ya 1: laleni mjini Chogoria.
- Siku ya 2 na 3: laleni getini. Siku ya 3 tembeeni juu kidogo, kisha mrudi kulala.
- Siku ya 4 na 5: laleni Ziwa Ellis, karibu mita 3,500.
- Siku ya 6 na 7: laleni karibu na Hall Tarns, zaidi ya mita 4,200. Hapa mnaruka zaidi ya mita 500, ndiyo maana mmelala Ellis mara mbili.
- Siku ya 8: Lenana alfajiri, kisha mteremke.

Pesa hazitoshi? Basi punguzeni kilele, msipunguze siku za kuzoea. Kufika Ziwa Ellis na kurudi salama ni safari kamili.

USIJIKAZE KISABUNI

Kichwa kinauma, chakula hakipiti, unasikia kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida. Huo ni ugonjwa wa mwinuko. Mwambie kiongozi papo hapo. Usipande tena mpaka upone, na ukizidi, shuka. Kumeza dawa ya maumivu ili uendelee kupanda ni kujidanganya.

Hatari kubwa ni hizi mbili. Ubongo ukivimba, mtu hupepesuka kama mlevi na kuongea ovyo. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole. Akishindwa, hali ni mbaya. Mapafu yakijaa maji, mtu huhema hata akiwa amekaa, hukohoa, na midomo hubadilika rangi. Huyo ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku wa manane, na asiachwe peke yake. Kungoja asubuhi kunaweza kumuua.

Wengi hunyamaza wakiogopa kuchekwa au kuwaharibia wenzao safari. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

MTASHUKAJE?

Chini ya geti kuna msitu wenye tembo na nyati, si mahali pa kumbeba mgonjwa usiku kwa miguu. Mvua ikinyesha, barabara inageuka tope. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka:

- Kubalianeni na dereva atakayekuja mkimwita, na mjue simu inashika wapi.
- Tafuteni kiongozi anayeijua njia, na mjiandikishe getini.
- Epukeni mvua za Machi hadi Mei, na za Oktoba hadi Desemba.
- Bebeni sweta nzito, koti la mvua na nguo kavu za kulalia. Usiku maji huganda.
- Mwenye selimundu, pumu, au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Ipo pia dawa ya kusaidia mwili kuzoea, lakini daktari ndiye wa kuitoa.

JADILINI KLABUNI

1. Mwenzenu akiumwa siku ya 6, nani atashuka naye?
2. Kiongozi mwenyewe akianza kupepesuka, nani ana ruhusa ya kumwambia "tunarudi"?

Mkikosa jibu la maswali haya, safari bado haijapangwa.