Fahamu: Kwa nini sherehe ya chai humfaa anayejifunza Kijapani

Tangu Japani ilipoanzisha viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu mwaka 2019, wageni wengi hujifunza Kijapani wakiwaza mtihani tu. Mtihani mashuhuri, JLPT, una ngazi 5 na hupima msamiati, sarufi, kusoma na kusikiliza, kuzungumza hakumo. Pengo hilo linazibwa vizuri na chado, sanaa ya chai iliyopewa sura yake na Sen no Rikyu katika karne ya 16. Mgeni akiwekewa bakuli la matcha, chai ya kijani ya unga, hanywi papo hapo. Kwanza humtaka radhi aliyeketi baada yake kwa kumtangulia, kisha huinama, viganja juu ya mkeka wa tatami, akimshukuru mwenyeji. Hulizungusha bakuli ili midomo isiguse upande wake wa mbele, ndipo anywe. Maneno yote hayo ni ya lugha ya heshima, ile inayowatoa jasho wanafunzi kwa kuwa vitenzi hubadilika kulingana na hadhi ya anayetajwa na anayesemeshwa.

Wapo wanaoiona hii kuwa anasa: Wajapani wengi wenyewe hawakusomea chado, na anayekwenda Japani kwa kazi ya kutunza wazee anahitaji kwanza msamiati wa kazi. Hoja hiyo ina uzito, na hakuna haja ya kumlazimisha mtu kuwa bingwa wa chai. Lakini lugha ya heshima haiishii kwenye chumba cha chai. Husikika dukani, ofisini na kwenye simu. Zaidi ya yote, huyo mtunzaji atazungumza kutwa na wazee, watu ambao Wajapani wenyewe huchunga sana namna ya kuwasemesha.