Mguu Unapopiga Mpira

Jioni, katika vilima vya Kashebere, wavulana wanacheza mpira. Mmoja anapiga kwa nguvu, na mpira unaruka. Wenzake wameuona mguu ukija, wameuona na mpira ukienda. Lakini namna mguu ulivyougusa mpira, hakuna aliyeona. Viwili hivyo hugusana kwa muda wa sehemu moja tu ya 100 ya sekunde. Jicho haliwahi.

Kamera nayo yaweza kushindwa. Mpira uendao mita 20 kwa sekunde husogea sentimita 20 katika muda huo mdogo. Kamera ikikaa wazi muda huo wote, picha haionyeshi mpira, bali ukungu tu.

Je, mbona mwaka 1907, Mjerumani Adolf Friedrich alipopita Rwanda, ng'ambo ya Ziwa Kivu, walipigwa picha watu wakiruka juu ya ufito, bila taa yoyote? Ni kweli. Lakini mrukaji afikapo juu kabisa hukaribia kusimama kabla ya kushuka, na mwanga wa jua ulitosha. Mguu upigao mpira haungoji.

Basi kumbukeni usiku wa mvua. Giza ni tele, na upepo unaitikisa migomba. Mara umeme unamulika, na majani yote yanaonekana yametulia kimya, kana kwamba yamechongwa. Kumbe hayakutulia! Mwanga ulikuwa mfupi mno, ndiyo maana mwendo wake haukuonekana.

Harold Edgerton, mwalimu wa ufundi huko Massachusetts, Marekani, alitengeneza taa ya namna hiyo. Nguvu ya umeme huwekwa akiba, kisha huachiliwa yote mara moja ndani ya mrija wa kioo wenye gesi. Mrija hung'aa kwa muda usiofika sehemu moja ya 10,000 ya sekunde. Mpira ule ule hausogei hata milimita mbili. Chumba huwa giza na kamera huwa wazi tayari. Mwanga ndio unaochagua wakati.

Mwaka 1934 alimpiga picha Wes Fesler akipiga mpira wa Kimarekani, wenye umbo kama yai. Tazama ajabu: kiatu kimezama ndani ya mpira, nao umebonyea kama mto wa kulalia uliopigwa ngumi! Mpira wetu wa mviringo nao hubonyea. Kisha hujirudisha kwa nguvu, na kule kujirudisha husaidia kuurusha. Mpira uliopungua upepo haujirudishi vema, kwa hiyo hauendi mbali, hata apige nani.